Nyongeza ya Kunde

Manati ya Mwezini iliachia sanduku jingine la chakula, na kabla Zamaradi hajapepesa macho lilikwisha toweka. Reli ya sumaku ililirusha kwa kasi ya kilomita tatu kwa sekunde kuelekea Mdaka, kituo kilichoelea angani, ambako sumaku nyingine zingelikamata na kulisimamisha. Aliyesimamia kazi hiyo kule, katika chumba cha kioo mwishoni kabisa mwa reli ya kudakia, alikuwa mdogo wake, Makame.

"Dada, una mkono wa birika!" Makame alikuwa amemtania redioni asubuhi ile. "Unapima, unafunga, basi? Nyongeza yangu iko wapi?"

Maneno hayo yalimchoma. Wakulima wa Mwezini hawakumpimia mtu bila kumtilia konzi ya juu baada ya mizani, sembuse ndugu. Sanduku lilikuwa limejaa pomoni, kwa hiyo alifunga konzi ya kunde ndani ya kitambaa na kuining'iniza nje kwa uzi. Gramu mia juu ya tani nzima, kitu gani hicho?

Sasa alikuwa akinywa chai wazo lilipomjia, na kikombe kikamponyoka. Sumaku hukamata chuma. Sanduku lingesimama ghafla, uzi ungekatika, na kunde zingeendelea na safari.

Hesabu aliijua tangu shuleni. Tungamo likizidi mara mbili, nishati ya mwendo nayo huzidi mara mbili. Lakini kasi ikizidi mara mbili, nishati huzidi mara nne. Kwa kasi ile, konzi ile ya kunde ilibeba nishati ya gari la tani moja lililo mbioni kwenye barabara kuu.

Aliurukia mtambo wa redio. "Makame, toka humo chumbani! Kuna kunde nje ya sanduku, zinakujia!"

"Nikimbie kunde, dada?" Makame alicheka mpaka akakohoa. "Ngoja kwanza nilidake hili sanduku, halafu..."

"Mdogo wangu, toka!"

Redio ilinyamaza. Zamaradi aliendelea kumwita hadi sauti ikamkauka.

Baada ya matanga alirudi kwenye mizani. Mama mmoja mkulima alileta sanduku lake likapimwa, kisha akanyoosha kiganja kilichojaa kunde.

"Na hii ya juu, mwanangu. Mpelekee huyo mdakaji mpya."

Zamaradi alivikunja vidole vya yule mama, kimoja kimoja, juu ya kunde zake.

"Kapike, mama," alisema, akafunga sanduku.