Silinda ya Tatu

Rafiki yangu Kornelio, fundi magari wa Soni, huongeza chumvi hata akisimulia alivyokunywa chai. Lakini kwa hili la mwaka sabini na tano hatanii.

Gari la dizeli la kijiji cha ujamaa liligoma kuwaka, na Jenoveva, mke wa dereva Rubeni, alikuwa ndani na uchungu wa kuzaa, akingoja kufikishwa hospitali Lushoto. Ukungu ulikuwa umetia mchana giza.

Kornelio alifungua nozeli za kupulizia dizeli, akawa anaziba matundu yake juu ya silinda kwa kidole gumba, moja moja, apime pumzi, Rubeni akizungusha injini kwa hendeli kule mbele. Tundu la tatu halikutoa pumzi.

"Ringi za pistoni zimekwisha! Hii imezeeka kuliko mama mkwe wako!"

Akamimina oili kidogo silinda ikaze, akaziba tena.

"Zungusha!"

Fff. Fff. Pumzi ikamgonga kidole.

"Basi, inatosha!"

Fff. Fff.

"Nimesema basi, bwana!"

"Unasema na nani?" Rubeni akajibu kutoka ndani ya gari. "Mimi nimemshika mke wangu. Hendeli si hiyo miguuni pako?"

Kornelio akatazama. Hendeli ilikuwa chini, na feni ya injini ilikuwa imetulia tuli.

"Baba," Jenoveva akamwita mumewe, "mbona mtoto ameacha kucheza tumboni?"

Hapo tundu la tatu likaanza kumnyonya Kornelio kidole, polepole, kama mtoto mchanga. Na ndani, anaapa, kulikuwa na ulimi.