Barafu Kavu

Ujumbe uliingia saa nne na dakika sita asubuhi. *Dawa ya mama imeondoka. Usiiache peke yake.*

Sindano hakupata nafasi ya kuufuta.

Kwenye taa nyekundu mlango wa kushoto ulifunguliwa, akaingia mwanamume wa suti ya kijivu. Wa nyuma nao ukafunguliwa, akaingia mwingine, mnene, asiye na shingo. Chuma baridi kikagusa kisogo cha Sindano.

"Endesha, dada," alisema mwenye suti. "Uwanja ule mdogo wa ndege. Taratibu, kama umebeba mayai."

Akaendesha.

Walichokiona wao ni dereva wa maabara, mwanamke wa miaka arobaini na ushei, kitambulisho kifuani. Hawakujua kwamba idara ya usalama ilimpandikiza pale miezi mitatu iliyopita, awasubiri wao. Mkuu wake, ambaye kazini humwita Mjomba, na ndiye aliyetuma ule ujumbe wa mafumbo, alikuwa nyuma kwenye Land Cruiser pamoja na Profesa, mkuu wa maabara. Mpango ulikuwa kuwafuata wezi mpaka kwenye ndege, wanaswe pamoja na aliyewatuma.

Mpango mzuri. Ila foleni haisomi mipango ya mtu. Kwenye mzunguko wa pili lori la saruji lilijipenyeza katikati, na Land Cruiser ikapotea kwenye kioo.

Sindano akabaki peke yake.

Aliogopa. Tusidanganyane, majasusi huogopa. Anayekwambia haogopi hajawahi kuwekewa Glock kisogoni.

Lakini bastola ilikuwa nusu tu ya hofu yake. Nusu nyingine ilikuwa ndani ya sanduku jeupe kwenye kiti cha nyuma.

Mle mlikuwa na damu ya watu mia mbili, iliyochukuliwa kila mwaka kwa miaka kumi na miwili, kabla hawajaanza kusahau na baada ya kuanza. Profesa alikuwa akitafuta namna ya kuukamata ugonjwa wa Alzeima mapema. Alimweleza Sindano kwa lugha ya jikoni: ubongo hutumia oksijeni nyingi mno, na oksijeni hiyohiyo huacha mabaki makali yanayotafuna seli, kama kutu inavyotafuna bati. Kutu hiyo huanza miaka mingi kabla mtu hajasahau hata jina la jirani. Ushahidi wake umo kwenye damu, mradi damu ibaki imegandishwa kwa baridi kali. Ikipata joto na hewa, yote bure, na kuanza upya haiwezekani. Waliotoa ile damu ya mwanzo sasa hawajui hata wanaitwa nani.

Mmoja wao ni mama yake Sindano. Asubuhi ile alikuwa amemwuliza bintiye, kwa adabu zote, "Shikamoo, wewe ni mtoto wa nani?"

"Pandisha vioo," alisema Suti. Mbele kulikuwa na askari wa barabarani. Vioo vilikuwa vyeusi. Vikifungwa, hakuna wa kuchungulia. Sindano akavipandisha, Suti akawasha kiyoyozi, kile cha kuzungusha hewa ya ndani tu.

Nyuma, yule mnene, ambaye faili la idara humwita Kobe, alikuwa akifanya kazi yake kwa moyo. Alikuja na magunia mawili ya barafu kavu, damu isije ikapata joto njiani. Akayafungua, akamwaga yote juu ya sanduku na chini miguuni. Moshi mweupe ukatambaa sakafuni.

Sindano akaona, akakumbuka.

Siku yake ya kwanza kazini, akiwa na barafu hiyo garini, alifunga kioo kimoja tu, Profesa akamfokea mpaka akatamani ardhi immeze. Barafu kavu haigeuki maji, alimwambia. Hugeuka kaboni dayoksaidi. Ndani ya gari lililofungwa huanza kujaa chini, halafu hupanda. Kwanza moyo hukimbia, kichwa huuma, mtu hushikwa na hofu asiyoijua imetoka wapi. Kisha hulala. Wengine hawaamki.

Angewaambia, wangefungua vioo. Na sanduku lingeruka na ndege.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Kidole chake kikashuka mlangoni, kwenye kile kitufe cha dereva kinachozuia abiria kufungua vioo. *Tiki.*

Dakika ya nne, kichwa kikaanza kugonga.

Dakika ya sita, jasho. Mikono ikateleza kwenye usukani. Alitaka kupiga kelele. Alitaka mama yake. Akajikumbusha kwamba hofu hii si yake yote, nyingine ni ya gesi, lakini mwili haukumsikiliza. Akiwahi yeye kulala, gari litaingia mtaroni na sanduku litapasuka.

Akajikaza.

Suti alilegeza tai. Akalegeza na kifungo. Akabonyeza kitufe cha kioo chake, mara moja, mara tatu.

"Fungua kioo."

"Kimekwama, bosi."

"Moyo wangu..." Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Dada, nakufa."

Nyuma kitu kizito kikaanguka sakafuni. Glock. Kobe, aliyekuwa ameinamia sanduku muda wote, alilala juu yake kama mtu aliyechoka na safari.

Sindano alikanyaga breki, akafungua mlango, akaangukia lami. Hewa. Aliinywa kwa mdomo wazi. Kisha akasimama, akafungua milango yote, akaiokota bastola, akamburuta Kobe kwa kola hadi kwenye majani. Kuua hakukuwa kazi yake leo. Suti alitoka mwenyewe kwa magoti, akatapika, akainua mikono bila kuombwa.

Akapiga simu.

"Mjomba."

"Uko wapi?"

"Kilomita ya kumi na mbili. Wawili, hai. Leta oksijeni."

"Tulitangulia uwanjani, ndege tunayo. Rubani analia, anamtaja aliyewatuma. Sanduku?"

Sindano aliogopa kulitazama.

Walifika baada ya robo saa. Profesa alivaa glavu, akainua kifuniko kidogo, akasoma kipimajoto. Akasoma tena.

"Hasi sabini na sita. Damu yote salama. Na ya mama yako."

Sindano alisubiri moyo utulie. Haukutulia. Robo saa nzima ya hewa safi, na bado ulikimbia. Hii sasa haikuwa gesi.

"Dawa itapatikana lini, Profesa?"

Profesa hakuwa mtu wa kupaka maneno rangi. "Tukijaliwa, miaka kumi. Labda kumi na mitano."

"Mama hana miaka kumi."

"Najua, mwanangu." Akamshika mkono. "Dawa uliyoiokoa leo si ya mama. Ni yako, siku utakapofika umri wake."

Mjomba alimwita apande gari. Sindano akasema atatembea kidogo. Akavaa miwani ya jua, akatia mikono mfukoni, akaenda zake.