Usukani Mzito wa Gari la Mama

Msimu wa karafuu, kazi yangu baada ya skuli na chuo cha Kurani ilikuwa moja tu: kulinda jamvi. Karafuu zikishaanikwa uani kwetu Wingwi, lazima awepo mtu wa kuzigeuza, kuwafukuza kuku na mbuzi, na kuzianua mbio mvua ikitaka kunyesha. Mvua ya kwetu haibishi hodi. Basi mimi, Suhaila, mtoto wa darasa la sita, ndiye niliyekuwa mlinzi.

Sikuwa mlinzi mbaya, ila jua lilikuwa kali na mimi ni mtu wa ndoto. Kando ya jamvi ndipo mama alipoegesha gari lake dogo la umeme, lile lisilonguruma hata likienda. Nilikuwa nachukua ufunguo msumarini, naingia, nabonyeza kitufe mara moja tu, redio na feni vinawaka bila gari lenyewe kuwaka. Harufu ya karafuu inaingia dirishani, taarabu inaimba polepole, macho yangu yako jamvini na moyo uko mbali. Siku moja niliendesha juu ya mawingu, siku nyingine chini ya bahari, samaki wakinipisha njia. Jua likipoa nazima, narudisha ufunguo, na hakuna anayejua. Raha ile, jamani, siwezi kuieleza.

Mama yangu, Bi Mwanamize, ni mkunga. Gari lile alikuwa akiwapelekea waja wazito hospitali, kwa njia zetu hizi za mashimo. Jumatano moja alirudi akisugua mikono.

"Usukani umekuwa mzito, kama ninakuna nazi kwa mbuzi butu," alisema. "Kona ya msikitini nusura niingie mtaroni. Na Hind siku zake zimefika."

Hind ni jirani yetu. Mwaka uliopita alishikwa na uchungu akapakiwa kwenye gari la ng'ombe, akajifungulia njiani, na mtoto hakuishi. Safari hii mama alimuahidi kuwa atampeleka mwenyewe.

Jumamosi asubuhi alikuja Fundi Maher kutoka mjini, mtu mpole asiyependa haraka. Alipima upepo wa matairi, akakuta uko sawa. Akaliinua gari kwa jeki, akayazungusha magurudumu ya mbele kwa mkono kushoto na kulia, nayo yakafuata vizuri. Huko chini hakukuwa na kutu wala kilicholegea. Akaliwasha gari, akafungua boneti, akaipima betri ndogo kwa kipima umeme. Nayo ikaonekana nzima.

"Bi Mwanamize," akauliza, "yupo mtu anayewasha redio gari likiwa limezimwa?"

"Wallahi, Fundi, gari hili haligusi mtu ila mimi."

Nilikuwa nimesimama na fagio mkononi. Maneno yalifika ulimini yakarudi, nikaanza kufagia mahali nilipokwisha kufagia.

Fundi Maher alijifuta mikono. "Basi itakuwa mota inayosaidia kukata usukani. Hiyo hadi iagizwe ng'ambo, miezi miwili au mitatu. Kwa sasa msiliendeshe, ni hatari."

Mama alikaa ukingoni mwa jamvi. Wakati huohuo Hind alipita njiani taratibu, mkono kiunoni. "Bi Mwanamize, gari lishapona?"

"Inshallah, mwanangu," mama akamjibu, na sauti yake haikuwa na nguvu.

Hapo nikashindwa. Niliona haya, niliogopa, lakini niliangusha fagio nikasema, "Mjomba Maher, mimi ndiye ninayewasha redio. Na feni. Kila siku nikilinda karafuu."

Mama alinigeukia. Fundi alitangulia kuniuliza, bila ukali, "Tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Sasa umenipa dawa," alisema. Akanieleza kuwa gari la umeme lina betri mbili. Kubwa inaliendesha gari. Ndogo inalisha taa, redio, na ile mota inayosaidia usukani. Gari likiwashwa, kubwa huilisha ndogo. Likiwa limezimwa, ndogo hufanya kazi peke yake, na ikikaushwa kila siku huchakaa, ikashindwa kuipa mota nguvu ya ghafla usukani unapokatwa. "Nami niliipima gari likiwa limewaka, kwa hiyo niliiona nguvu ya mwenziwe."

Akalizima gari. Tukangoja, akanywa kahawa mbili, kisha akapima tena. Namba ilikuwa imeshuka sana. Betri ndogo ilikuwa hoi.

Akaenda mjini, akarudi kabla ya adhuhuri na betri nyingine. Alipoifunga, ile taa ya onyo iliyokuwa ikiwaka mbele ya usukani ikazima na mama akaukata usukani kwa mkono mmoja. Alishusha pumzi ndefu. Kisha akautoa ufunguo, akautia mfukoni mwake badala ya kuurudisha msumarini.

Jumatatu mchana Hind aliita. Mama alimpakia, gari likaondoka bila sauti, likaikata kona ya msikitini vizuri kabisa. Nilikaa karibu na karafuu nikimwomba Mungu, na siku hiyo sikuota ndoto yoyote. Jua lilipopoa mama akarudi.

"Mtoto wa kike," alisema. "Mama yake mzima, naye mzima."

Nililia. Akanikalisha ubavuni mwake.

"Suhaila, kuwasha redio hukujua madhara yake, na kuchukua ufunguo bila ruhusa, hilo tutalizungumza. Lakini ulinisikia nikiapa kwa jina la Mungu, ukajua si kweli, ukaniacha. Fundi akapotea njia kwa ajili ya neno langu. Kama ungenyamaza hadi leo, Hind angerudi kwenye gari la ng'ombe. Kosa liseme mapema, mwanangu, likiwa bado lako peke yako. Ukilificha, watu wengine ndio wanaolibeba, tena bila kujua."

Nikamwomba radhi, naye akanipa.