Kochi Hili Lina Mwenyewe

Ukitaka kuona makochi mazuri, ingia nyumbani kwa Fundi. Ukitaka kuona watu wanaokaa sakafuni, ingia nyumba hiyo hiyo.

Sebule ilijaa makochi. Yalikuwepo ya watu watatu, ya mtu mmoja na ya kona. Yote yalifunikwa nailoni. Kupita katikati yake ulipaswa kwenda upande upande na kuvuta tumbo ndani. Watoto walijua sheria moja kabla hawajajua kuhesabu: usilikalie, ni la mteja. Kwa hiyo walikula kwenye mkeka koridoni, karibu na mlango wa choo. Hapo hapo waliandika kazi za shule.

Kinyozi hajinyoi, na Fundi hakukalia kochi. Yeye alitengeneza mbao na sponji. Mke wake, Mama Vitambaa, alikata na kushona vitambaa. Binti yao mkubwa walimwita Dada. Mdogo walimwita Kiroboto, kwa sababu hakutulia. Lakini tuseme ukweli, angetulia wapi?

Haikuwa hivyo zamani. Walianza na karakana moja ya bati nyuma ya nyumba. Jua likizama, Fundi aliweka nyundo chini. Alinawa, akambeba Kiroboto mabegani, wakazunguka mtaa. Chakula kilikuwa cha kawaida, lakini kiliwakuta wote wanne wamekaa.

Kisha sifa zao zikaenea. Wakakodi karakana ya pili kule barabara kuu. Wakaajiri mafundi. Wakanunua gari la mizigo. Watu wakawaambia, "Biashara hailali!" Nao wakaacha kulala. Makochi yakakosa pa kuwekwa, yakaingia sebuleni kwa wiki moja tu. Sponji zikaingia chumbani. Cherehani ikaingia jikoni. Wiki ile moja haikuisha.

Oda zikazidi mikono. Fundi akaanza kusema lile neno ambalo mafundi wote wa dunia hii wanalijua.

"Fundi, kochi langu vipi?"

"Kesho, bosi. Njoo kesho."

Kesho ikifika, anasema kesho. Simu ililia asubuhi, ikalia wakati wa kula, ikalia mtoto akiwa anasimulia habari za shule. "Ngoja, mwanangu," Fundi alisema. "Nitakusikiliza kesho."

Siku moja akaja Bibi, mama yake Fundi. Magoti yalimsumbua. Alikuja kukaa mjini ili aende hospitali kwa urahisi. Alifika amechoka, fimbo mkononi, mfuko wa nguo begani.

"Karibu, mama! Karibu ukae!" alisema Mama Vitambaa. Kisha akaangalia huku na huku. Ukae wapi? Mkeka ulikuwa chini mno kwa magoti yale. Akavuta kochi la mtu mmoja, jekundu, lenye mikono mipana. "Kaa hapa, mama."

Bibi alikaa juu ya nailoni. Alishusha pumzi. "Aaa, mwanangu ana mikono," alisema. "Hili kochi linakumbatia."

Hakukaa sana. Mlango uligongwa, akaingia Fundi na mteja mkubwa, Meneja wa hoteli. Meneja alitaka makochi ya hoteli nzima. Alikuwa anatafuta mfano. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye kochi jekundu.

"Hilo ndilo ninalolitaka," alisema. "Naweza kulijaribu?"

Fundi alimtazama mama yake. Alimtazama Meneja. Halafu akasema, "Mama, samahani. Hebu simama kidogo."

Bibi alishika fimbo, akashika ukuta, akasimama. Ilimchukua muda. Meneja akajitupa kwenye kochi, akadunda mara mbili tatu. Kisha akakunja uso.

"Mbona lina joto?" aliuliza.

Mama Vitambaa alitamani ardhi ipasuke. Fundi yeye alicheka cheko la biashara, akaanza kueleza aina za sponji.

"Nitarudi kulichukua hili," alisema Meneja. "Halafu tuongee kuhusu mengine."

Alipoondoka, Fundi alipiga makofi kwa furaha. "Hoteli nzima! Mke wangu, tumefika!"

"Mama yuko wapi?" aliuliza Mama Vitambaa.

Fimbo haikuwepo. Mfuko haukuwepo. Bibi alikuwa ameondoka.

Hakwenda mbali, magoti yasingemruhusu. Mama Vitambaa alimkuta nyumba ya pili, kwa jirani yao Mama Sabuni. Huyu alitengeneza sabuni na kuiuza kupitia dirisha la kibanda cha pembeni. Sebuleni kwake kulikuwa na viti vinne vya mbao, vikuukuu, na mito ya vitambaa vya viraka. Kwenye kiti kimoja alikaa Bibi. Kwenye kingine alikaa Dada, daftari mapajani. Na Kiroboto? Kiroboto alikuwa amekaa. Ametulia tuli, anakula embe.

Mama Vitambaa alishangaa. "Nyinyi mnafanya nini hapa?"

"Tunakaa," alisema Kiroboto.

"Watoto wanakuja kila siku, jirani," alisema Mama Sabuni. "Hukujua?"

Hakujua. Hilo lilimuuma kuliko kitu chochote. Aliketi, akaanza kulia.

"Mama, nisamehe. Rudi nyumbani."

"Nyumbani wapi?" aliuliza Bibi. Sauti yake ilikuwa ya upole, lakini shingo yake ilikuwa ngumu. "Pale ni ghala, mkwe wangu. Mimi si mzigo, siwezi kuishi ghalani. Mkipata nyumba, niiteni."

Hapo tena Mama Vitambaa alimgeukia jirani. "Wewe nawe unafanya biashara. Kwa nini sabuni haijakufukuza kwenye viti vyako?"

Mama Sabuni alicheka. "Kwa sababu dawa ya kutengenezea sabuni ni kali. Inaunguza ngozi. Haikai jikoni kwenye watoto. Ilibidi kazi iwe na mlango wake tangu mwanzo. Nyinyi kazi yenu ni laini, ina sponji, ndiyo maana mkailaza kitandani."

Bibi aliguna kwa kicheko.

"Sikiliza," aliendelea Mama Sabuni. "Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Biashara ni mgeni. Mlimkaribisha vizuri. Mkampa sebule, mkampa chumba, mkampa jiko. Sasa wenye nyumba ndio wako koridoni. Mpe jembe! Afanye kazi, kisha aende kulala kwake."

"Tutamwondoaje? Oda ni nyingi."

"Nani alizipokea?"

Mama Vitambaa aliitazama mikono yake.

"Mikono yenu inajua inaweza makochi mangapi kwa mwezi. Pokea hayo. Mteja wa ziada mwambie ukweli, asubiri au aende kwa mwingine. Hilo dirisha langu unaliona? Jua likizama nalifunga, na simu ya kazi nailaza humo humo kibandani. Siku ya mapumziko silifungui. Mwanzoni watu waligonga sana. Wakazoea."

"Hawakukuacha?"

"Wengine waliniacha. Wakaenda na kelele zao." Mama Sabuni alimsogezea embe. "Lakini kabla ya yote, kaa na mumeo mjibu swali moja. Mnafanya kazi ili mpate nini? Kama ni kuwalea watoto, basi watoto hawa hapa. Wako kwangu."

"Watu watasema tumerudi nyuma. Watatucheka."

"Wanacheka sasa hivi, shoga. Nyumba imejaa makochi, mama mkwe kasimama!"

Mama Vitambaa alifuta machozi. Aliingia nyumbani kwake akiwa mtu mwingine. Hakusalimia. Alichukua mkasi wake mkubwa, akaenda kwenye kochi jekundu, akaichana nailoni kutoka juu hadi chini.

"Unafanya nini?" Fundi alipiga kelele. "Hilo ni la Meneja!"

"Amelilipia?"

"Bado, lakini amelichagua."

"Hata mama yako alilichagua. Mtengenezee Meneja jingine. Hili haliuzwi."

"Mke wangu, riziki haikataliwi!"

"Riziki gani inayomsimamisha mama mgonjwa?" Hakuificha hasira yake. "Watoto wako wanakaa kwa jirani. Mama yako amehamia kwa jirani. Bado mimi. Unataka na mimi nikatafute kiti huko?"

Simu ililia mfukoni mwa Fundi. Mkono wake ulienda, kwa mazoea. Mkewe aliutazama mkono ule. Simu ikalia mpaka ikachoka.

"Mama amesema nini?" Fundi aliuliza mwishowe.

"Amesema pakipatikana nyumba, aitwe."

Fundi alikaa chini, juu ya sakafu, kati ya makochi yake mwenyewe. Alilia. Mwanaume mzima, mwenye karakana mbili, alilia kama mtoto aliyepotea sokoni. Mimi simcheki. Afadhali alie aliyeona kosa kuliko acheke asiyeliona.

Kesho yake walimwita Nyundo, fundi wao mkuu. Alifanya kazi vizuri, na siku nyingi alitamani kujitegemea.

"Karakana ya barabara kuu ichukue wewe," Fundi alimwambia. "Pamoja na wateja wa kule. Utanilipa vifaa pole pole."

Nyundo alidhani anataniwa. "Fundi, una homa?"

"Nilikuwa nayo. Inashuka."

Gari la mizigo wakaliuza. Siku ya kupeleka mzigo wangekodi mkokoteni. Makochi yakatoka sebuleni, moja baada ya jingine. Yaliyokamilika yakapelekwa kwa wenyewe, ambao walishangaa kwamba kesho imefika. Cherehani ikarudi karakanani. Dada alifagia mahali ambapo hapajaona fagio kwa muda mrefu. Akakuta kiatu chake cha darasa la kwanza.

Mlangoni mwa karakana Fundi aliandika kwa rangi nyeupe: JUA LIKIZAMA TUMEFUNGA. Mtaa ukasoma, mtaa ukacheka. "Fundi kafilisika!" walisema. "Kauza gari, kagawa karakana!" Jirani mmoja alifika kumpa pole.

"Pole ya nini?" Mama Vitambaa alimjibu, mikono kiunoni. "Hatukufilisika. Tumeshiba."

Ni kweli mapato yalipungua. Nyama haikuonekana mezani mara kwa mara kama zamani. Viatu vilivyochakaa vilishonwa, havikutupwa. Lakini sasa palikuwa na meza, na watu wakiizunguka. Kisha wakamwita Bibi.

Alikuja na fimbo yake. Alisimama mlangoni, akakagua sebule kama afisa wa afya. Kochi jekundu lilikuwa dirishani, bila nailoni. Bibi alilikalia. Akaweka mikono yake kwenye mikono ya kochi.

"Sasa hapa ni nyumbani," alisema.

Jioni moja walikuwa wakila. Kiroboto alikuwa anasimulia jinsi mwalimu alivyokalia chaki. Fundi alikuwa amesikiliza tangu mwanzo, na alitaka kujua mwisho. Mlango ukagongwa. Alikuwa Meneja wa hoteli.

"Nimefika karakanani, kumefungwa," alisema. "Nimekuja kuchukua kochi langu."

Fundi alisimama mlangoni, akauziba kwa mwili wake. "Tumeshafunga, bosi. Na lile nilikutumia ujumbe kwamba haliuzwi. Nitakutengenezea jingine kama lile."

"Nimekuja mwenyewe! Nina oda ya hoteli nzima!"

"Hoteli nzima siiwezi peke yangu. Ninaweza vyumba vya chini. Vya juu mpe Nyundo, barabara kuu, ni fundi mzuri. Hayo tutayaandikiana asubuhi."

Meneja alinyoosha shingo, akaona sebuleni. "Mbona yule bibi amekalia kochi langu?"

Fundi aligeuka, akamtazama mama yake. Miguu yake ilikuwa juu ya kigoda kidogo ambacho yeye mwenyewe alimtengenezea.

"Bosi, siku ile uliuliza kwa nini kochi lina joto," alisema. "Sikukujibu. Jibu ni yule pale. Ni mama yangu. Nilimwinua ili ukae wewe. Leo hainuki."

"Basi nitakwenda kwa fundi mwingine!"

"Sawa, bosi. Usiku mwema. Ukibadili nia, njoo kesho."

"Nyinyi mafundi na kesho zenu!"

"Safari hii kesho ni kesho kweli," alisema Fundi. "Tunafungua saa mbili."

Akafunga mlango. Haikuwa rahisi, sitawaficha. Hoteli nzima ilikuwa imesimama nje ya mlango ule. Alirudi mezani, akavuta kiti chake.

"Nani huyo?" aliuliza Bibi.

"Mteja, mama."

"Mwambie pamefungwa."

"Nimemwambia."

Asubuhi, saa mbili kamili, Meneja alikuwa mbele ya karakana, amenuna, lakini amefika. Alikuwa amezunguka mjini, na mafundi wote walimwahidi kila kitu. Hakumwamini hata mmoja wao. Alichukua vyumba vya chini kwa Fundi na vya juu kwa Nyundo. Makochi yakatoka siku ile ile iliyosemwa.

Lakini usiku ule Fundi hakuyajua hayo. Alifunga mlango bila kuyajua. Alikaa, akanawa mikono upya, akamgeukia bintiye.

"Enhe, Kiroboto. Mwalimu akakalia chaki. Halafu ikawaje?"