Kiti cha Mama Dorvil

Tarehe mosi Julai, nusu ya Montreal huhamia kwa nusu nyingine. Mikataba ya nyumba huisha siku hiyo hiyo, malori hugombea kona, na kisichopata nafasi huachwa kando ya njia, akichukue anayekitaka. Anouk Bergeron alikuwa ameteremka basi la kutoka Rimouski asubuhi hiyo akiwa na begi moja na kinasa sauti, lakini desturi hiyo aliijua. Hata kwao watu walihama siku hiyo, ila kwa kelele kidogo. Kwa hiyo alipokiona kiti cha mahameli ya kijani, kipana na cha kuegemea, kando ya mtaa wa Saint-Denis, hakuuliza mtu. Alimwita Maude, rafiki yake waliyepanga nyumba pamoja, wakakibeba.

Walikuwa wanavuka barabara waliposikia mtu akikimbia nyuma yao.

"Samahani, dada. Hicho kiti kina mwenyewe."

"Kilikuwa nje," Anouk alisema bila kugeuka. "Cha nje ni cha aliyewahi."

"Kilikuwa nje kwa sababu napakia lori. Nimeingia kuchukua taa, natoka, mama yangu hana kiti."

Ndipo akageuka. Alimwona kijana mrefu, shati la maua limelowa jasho, taa ya mezani mkononi na waya wake unaburuta chini. Alikuwa mzuri, na hilo lilimwongezea Anouk aibu, naye aibu yake siku zote aliifunika kwa ukali.

"Basi mwambie mama yako asiache kiti barabarani."

"Ningemwambia," kijana alijibu kwa upole. "Tumemzika Aprili."

Maude aliushusha upande wake wa kiti. Anouk akashusha wake na kuomba radhi, jambo ambalo wazazi wake wangelipa kiingilio kulitazama.

Jina la kijana lilikuwa Stevenson Dorvil, mtoto wa Kihaiti aliyezaliwa hapo hapo Montreal, na hakuwa mtu wa kumfurahia mwenzake akiumbuka. Alieleza kwamba lori limeshajaa pomoni, na kule anakohamia mpangaji wa zamani hajaondoa makabati yake. Kama wangekubali kumtunzia kiti mpaka Jumapili, wangekuwa wamemsaidia. Akamnyooshea Anouk simu yake.

"Andika namba yako, mwizi wangu. Nijue mama nimemwacha kwa nani."

Jioni ile akapiga.

"Kiti kimekula?"

"Kimekula. Kinasema chumvi ilizidi."

"Huyo ni mama kabisa. Kesho nakiletea chakula cha kwao."

Kesho yake akaja kweli na nyama ya nguruwe ya kukaanga, ndizi, na achari ya kabichi iliyomtoa Anouk machozi. Maude, ambaye hakuwa mjinga, alikumbuka ghafla kwamba ana kazi ya kufua. Wakaongea mpaka chakula kikapoa, na Stevenson alipoondoka alisahau kukitazama kiti.

Anouk alikuja mjini kwa kozi ya filamu ya kiangazi. Mwalimu wao, Bi Lachance, mwanamke mkavu mwenye miwani mikubwa, aliwapa kazi siku ya kwanza: filamu fupi kuhusu kitu kimoja, ionyeshwe Ijumaa. Wachache watakaofanya vizuri wangepata nafasi ya kuendelea Septemba. Wengine wangerudi kwao. Anouk hakutaka kurudi kwao. Na kitu alikuwa nacho, sebuleni.

Jumatano alimaliza kukipiga picha. Zilibaki sauti, na kwanza kabisa ukimya, maana kila chumba kina ukimya wake na filamu huuhitaji chini ya picha. Akamkalisha Stevenson kitini, akavaa vipokea sauti masikioni.

"Dakika moja. Hata kukohoa hapana, mpenzi."

Lile neno 'mpenzi' lilimtoka tu. Stevenson alitabasamu, kisha akanyamaza, na ukimya ukamfanyia kile alichokuwa akikikimbia tangu Aprili.

"Mama alifia humu kitini," alisema. "Mimi nilikuwa chumba cha pili, natazama mpira. Nilipunguza sauti nisimwamshe. Nilidhani amelala."

Anouk alivua vipokea sauti, akaenda kumkumbatia, akalia naye. Kinasa sauti hakukizima. Mapenzi yalikuwa ya kweli na wizi ulikuwa wa kweli, na vyote viwili vilitokea ndani ya dakika ile.

Ijumaa alimwalika bila kumwambia kitu. Alitaka kumshangaza, na aliamini hivyo kwa moyo wake wote. Stevenson alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi, akakaa mstari wa nyuma. Taa zikazimwa. Kiti cha kijani kikajaa ukutani, mikwaruzo ya mkono wake wa kulia, kishimo cha mahali alipokuwa akiketi mtu, kisha ikaja sauti ya Stevenson. Ukumbi mzima ulitulia. Bi Lachance alivua miwani. Mlango wa nyuma ukafunguka na kufungwa.

Anouk alimkuta Stevenson nje ya ukumbi, akitafuta ngazi.

"Nilitaka wakusikie," alisema.

"Nilikuambia wewe. Sikuwaambia watu." Hakupaza sauti. "Ni nzuri, filamu yako. Lakini mwizi nilikuita kwa utani, Anouk."

Jumamosi Anouk alimpigia Stevenson mpaka simu ikaisha chaji, hakupokea. Alipoichaji, aliyepiga alikuwa Bi Lachance, kumwambia kwamba nafasi ya Septemba ni yake. Anouk alisema anaiondoa filamu, ile sauti si yake.

"Basi huna filamu," alisema Bi Lachance.

"Sina."

Bi Lachance alimwambia atengeneze nyingine, ataitazama Agosti, na hamwahidi lolote. Anouk aliweka simu akalia, kwa sababu nafasi ile aliitaka sana.

Jumapili yeye na Maude walikibeba kiti hadi chini ya nyumba mpya ya Stevenson, ghorofa ya juu, ngazi za chuma za nje zilizojipinda. Maude akaondoka kuwahi kazini. Simu haikupokelewa. Kupanda kugonga mlango hakuweza, maana mtaa ulikuwa bado na tamaa ya wiki ya kuhama. Wapenzi wawili walisimama, wakakibonyeza kiti kwa vidole.

"Hiki kinachukuliwa?"

"Kina mwenyewe," alisema Anouk, akakikalia.

Kicheko kifupi kilitoka juu. Stevenson alikuwa kwenye roshani, na haikujulikana amesimama hapo tangu lini. Aliteremka bila salamu, akashika mgongo wa kiti, Anouk akashika miguu. Kwenye kona ya ngazi kiti kikakwama, uzito wote juu ya Anouk.

"Nimeiondoa filamu," alisema akihema.

"Na nafasi yako?"

"Labda Agosti. Labda sina."

Stevenson alimtazama juu ya mahameli, kwa muda ambao mikono ya Anouk haikuupenda.

"Inua upande wako," alisema. Kiti kikapita.

Wakakiweka dirishani, katika chumba kisicho na kingine. Stevenson akaketi.

"Haya. Ile dakika yako. Mashine iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani."

"Vizuri. Kaa."

Anouk akakaa sakafuni. Jokofu lilinguruma jikoni. Mtaani mtu alikuwa akiburuta kitanda. Safari hii Stevenson aliuvumilia ukimya. Aliyeshindwa ni mwingine.

"Nakupenda," alisema Anouk, "na naogopa nimeharibu."

Stevenson aliweka kidole mdomoni.

"Dakika haijaisha," alinong'ona, akasogea pembeni kumpa nafasi. Kiti kilikuwa kipana; Mama Dorvil hakuwa mwembamba.