Mwalimu Anachonga Nini?

Hadithi hii aliisimulia kwanza Bibi Ketura, mwaka 1702. Aliwasimulia wajukuu wake, huko Massachusetts, Marekani.

Ketura alikuwa na miaka sita kijiji chao kilipofungua shule ya kwanza.

Shule ilikuwa na ubao mmoja tu wa herufi. Ubao mdogo, bapa, wenye mpini. Kaka yake Enosi aliushika, ameulaza mapajani. Ketura alikaa mbele yake, wakitazamana.

"Hii ni nini?" aliuliza Mwalimu Pelegi.

"W," alijibu Ketura.

"Ni M."

Watoto wakacheka. Kwi, kwi, kwi.

Mwalimu hakuwa na nyumba. Wiki hii alilala kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Sasa ikawa zamu ya kina Ketura.

Jioni mwalimu akafungua Biblia mezani. Ketura alikaa upande wa pili.

Akanyoosha kidole. "W," akanong'ona. Ilikuwa M.

Mwalimu akamtazama. Akaitazama Biblia. Akamtazama tena. Kisha akamwomba baba kipande cha mbao.

Kwaru, kwaru, kwaru.
Mwalimu anachonga nini?

Ketura akachungulia. Kitu bapa. Kina mpini. Mwalimu akakifunika kwa koti.

"Ni cha kuchapia," Enosi akasema. "Cha mikono yako, Bibi W."

"Umejuaje?"

"Mpini ni wa nini, basi?"

Ketura akaficha mikono ndani ya aproni.

Kwaru, kwaru, kwaru.
Mwalimu anachonga nini?

"Mama, mwalimu ataondoka lini?"

"Jumamosi."

"Mbali hivyo?"

Ijumaa jioni, kisu kikanyamaza.

"Ketura, lete mikono."

Ketura akafumba macho. Akatoa mkono mmoja.

"Yote miwili."

Kitu kikatua. Hakikuuma.

Akafumbua jicho moja. Ni ubao. Umebandikwa karatasi ya herufi.

"Huu ushike mwenyewe," mwalimu akasema. "Siku zote ulikuwa unaziona herufi kichwa chini. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyekukalisha pale."

Ketura akaukagua mbele. Akaukagua nyuma. Akaunusa.

"Si wa kuchapia?"

"Si wa kuchapia."

"Hata Enosi?"

"Hata Enosi."

Akaweka kidole juu ya herufi. "M," akasema.

Ilikuwa M.

Akaenda kulala. Akalala ameushika mpini.

Ketura aliposimulia haya, Mwalimu Pelegi alikuwa amekwisha kufariki. Baba na mama pia. Enosi alikuwa hai, na alikana kabisa kwamba aliwahi kumwita mtu Bibi W. Ketura alikuwa hai, na ubao alikuwa nao mapajani.