Maboma Matatu ya Kanini

Kanini alikuwa na kibuyu kimoja ambacho hakikuwahi kutiwa uji. Kilining'inia juu ya kitanda, katika chumba chao karibu na viwanda vya Thika. Ndani yake mlikuwa na noti na shilingi.

Mumewe, Musau, alifanya kazi ya kufunga mikebe ya mananasi kiwandani. Kanini mwenyewe alisuka vyondo na kuviuza sokoni. Kila mwisho wa mwezi, kabla ya kununua hata chumvi, walitia kitu kibuyuni. Haba na haba hujaza kibaba, na sasa kibuyu kilikuwa kizito.

Fedha hizo zilikuwa na mwenyewe. Zilikuwa za Mbula, binti yao, ambaye Januari angeingia shule ya bweni ya misheni. Bila karo, Mbula angebaki nyumbani kusuka vyondo kama mamake. Jambo hilo Kanini hakutaka hata kulifikiria.

Jioni moja ya Oktoba, Ephantus alipiga hodi. Alikuwa jirani yao, mchuuzi mwenye moyo mwema na ulimi usiopumzika.

"Baba Mbula, nimepata lori," alisema kabla hata hajakaa. "Nitajaza kabichi nipeleke Mombasa. Huko kabichi ni dhahabu. Nipe pesa yako, na kabla ya Krismasi nitakurudishia mara mbili."

"Mara mbili," Musau alirudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Na mvua je?" Kanini aliuliza.

"Mvua ni ya Mungu, Mama Mbula. Lori ndilo langu."

Ephantus alipoondoka, Musau alikishusha kibuyu. Alitaka kutoa fedha zote. Kanini aliingiwa na hofu.

"Ngoja mpaka Jumapili," alimwomba mumewe. Kisha akakirudisha kibuyu mahali pake, akaketi chini yake kusuka, kama askari wa zamu.

Jumapili, baada ya kanisa, Mwalimu Idah alikuja kunywa chai. Idah alifundisha akina mama kushona, kutunza watoto na kutunza fedha. Musau alimkaribisha kwa heshima, ingawa alijua vizuri ni nani aliyemwita, na kwa nini.

Lakini Idah hakutaja kabichi.

"Baba Mbula, nasikia marehemu babako alikuwa na mbuzi wengi."

Musau akachangamka. "Wengi sana, mwalimu. Wengine walikaa Masii kwa mjomba. Wengine Yatta kwa rafiki yake wa rika. Nyumbani walibaki wachache."

"Kwani boma lake lilikuwa dogo?"

Musau alicheka. "Hapana. Sisi Wakamba hatuweki mbuzi wote pamoja. Ugonjwa ukiingia boma moja, unabaki na kamba mkononi. Mwaka ule Yatta ilipokauka, tulipona kwa mbuzi wa Masii."

"Na hawa mbuzi wa kibuyuni," Idah aliuliza akinyoosha kidole juu, "unataka kuwalaza wapi?"

Musau aliweka kikombe chini. Alikitazama kibuyu. Chai yake ikapoa.

"Lakini pesa ikikaa hapo juu haizai," alisema mwishowe.

"Kweli kabisa. Tena nyumba ikishika moto, imekwenda. Kwa hivyo iulize hiyo pesa: nitakuhitaji lini? Karo ya Januari iko karibu. Hiyo usiichezee, iweke Posta. Faida yake ni ndogo, lakini siku ukiitaka utaipata."

"Na ile ambayo sihitaji sasa?"

"Ile ambayo hutaihitaji miaka kadhaa, nunua hisa. Maana yake unakuwa mwenye sehemu ya mali. Kule Ruiru kuna kinu cha ushirika cha kusaga mahindi. Wakipata faida, unagawiwa. Wakipata hasara, nawe unaumia. Kwa hivyo mtu aende akaone kwanza."

"Na kabichi?" Musau aliuliza kwa sauti ndogo.

Idah akatabasamu. "Kabichi ipe ile ambayo ikipotea utakasirika, lakini bado utakula."

Karo ilipelekwa Posta, kisha Kanini ndiye aliyekwenda Ruiru. Alikikuta kinu kikinguruma na wanawake wamepanga foleni na mahindi yao. Moyo wake ukapenda, lakini hakufungua mkoba. Alimwendea karani, mzee Waweru.

"Pesa ya wanachama inashikwa na nani? Hesabu inasomwa lini? Nikitaka kutoka, hisa zangu zitanunuliwa na nani?"

"Mama, wewe ni hakimu?" Waweru aliuliza. Lakini alijibu kila swali bila kuzungukazunguka, na hesabu ilikuwa inasomwa kila mwaka mbele ya wanachama wote. Kanini akanunua hisa chache. Alirudi Thika na unga kwenye kitambaa cha kichwa, na hakuupangusa.

Ephantus alipopewa fungu lake, aliguna. "Hii ni ya kununua chumvi." Hata hivyo alilichukua.

Novemba mvua ilinyesha bila huruma. Lori lilikwama kwenye matope ng'ambo ya Mtito Andei, na kabichi zikaoza zote. Ephantus alirudi amekonda, macho chini.

"Mama Mbula, mvua ilikuwa ya Mungu kweli."

Musau aliumia, maana pesa ile ilikuwa jasho lake. Kisha akafikiria kibuyu kizima kikiozea barabarani. Akamvutia jirani yake kiti.

"Kaa unywe chai, Ephantus. Halafu nikuulize kuhusu mbuzi."

Januari ilipofika, Kanini alisimama kwenye dirisha la Posta akatoa karo yote, kichwa juu. Hisa za Ruiru hazikuwa zimeleta kitu bado, nao hawakuzisumbua. Mbuzi mchanga hakamuliwi.

Asubuhi ya safari, alimpa Mbula pesa ya matumizi. Nyingine alizifunga kwenye leso. Nyingine aliziweka sandukuni chini ya blanketi. Nyingine alizishonea kwenye pindo la sketi.

"Mama, si ungeweka zote mfukoni?" Mbula aliuliza.

Musau alijibu kabla ya mkewe. "Mbuzi wetu hawalali boma moja, mwanangu."

Kanini alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akammiminia binti yake uji wa safari kutoka kwenye kibuyu kile cha juu ya kitanda. Kilikuwa kimeoshwa vizuri, na Mbula aliumaliza wote.